Dawa Iliyokorogwa Kwenye Uji

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya ndimu. Mama Kulwa alikuwa anakamulia ndimu kwenye uji wa ulezi, maana uji wake ndivyo ulivyokuwa, na sisi wote wa Gaithersburg, huku Amerika, tuliompelekea watoto atulelee tulikuwa tunamsifia kwa huo. Nilikuwa nimetoka kazini mapema. Bomba lilipasuka kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, ghorofa moja ikafungwa, baadhi yetu tukaambiwa twende zetu. Nikashuka ngazi za chini kwake bila kupiga simu. Kwa mtu wetu hatupigi simu, tunabisha hodi huku tumeshaingia.

Alikuwa amenipa mgongo. Vikombe vya plastiki vilikuwa vimepangwa mezani, na chako, mwanangu, kile cha waridi kilichovunjika sikio, kilikuwa mbele yake. Mkononi alikuwa na kidonge cha rangi mbili, nyekundu na njano. Akakizungusha, akakitenganisha kama mtu anayefungua kalamu, akagongagonga, unga ukaingia kwenye uji wako. Akachukua kijiko, akakoroga.

"Mama Kulwa."

Aligeuka. Wala hakushtuka. "Aa, karibu mama! Leo wamekuonea huruma? Sifa kakohoa asubuhi, nikaona nimuwahi."

"Umuwahi na nini?"

"Kidogo tu, jamani. Hata nusu haifiki."

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika, mwanangu. Nilikuwa nadhani siku subira yangu ikikatika majirani watasikia. Hawakusikia kitu. Nilichukua kikombe, nikamwaga uji kwenye sinki, nikafungulia maji mpaka sinki likawa jeupe. Nikaokota maganda ya kidonge nikayatia mfukoni mwa sare ya kazi. Nikakuvalisha koti. Ukaniuliza kwa Kiingereza chako kama uji umekwisha, nikakujibu kwa Kiswahili kwamba umekwisha, na hapa hutakunywa tena.

"Mama Sifa, usinifanyie hivyo mbele ya watoto," alisema. "Nawalea kama wangu hawa. Kulwa na Doto wamekua kwa dawa hizihizi, na leo wako chuo kikuu!"

"Hongera zao," nilimwambia, nikafunga zipu ya koti lako.

Sasa nirudi nyuma, maana hukuwa na umri wa kuelewa, na siku moja mtu atakusimulia habari hii akinifanya mimi ndiye mbaya. Nasaha kwa kawaida hutolewa na wazee. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe. Nimesoma mpaka kidato cha nne kule Tabora, nikaishia hapo. Lakini wazee wetu wa huku, kwa jambo hili, walichagua kunyamaza, na yupo mmoja aliyefanya zaidi ya kunyamaza, utamwona mbele. Basi nasaha nitaitoa mimi. Mvi zitanikuta nimeshasema.

Kwanza ujue habari ya sanduku. Mtu wetu yeyote akisafiri kwenda nyumbani, wiki nzima kabla ya safari simu yake haipumziki. Anakwenda na viatu vya watu, simu za watu, mafuta ya watu. Akirudi anarudi na unga wa ulezi, dagaa, vitenge, na dawa. Tunasema dawa za nyumbani zina nguvu. Ukweli ni kwamba dawa za nyumbani hazina maswali. Huku ukitaka antibayotiki lazima umwone daktari, na daktari umwone saa uliyopangiwa, na saa uliyopangiwa siku zote ndiyo saa uliyo kazini. Umeomba ruhusa, umesubiri, mwisho anakuangalia koo anasema ni virusi tu, mpe mtoto maji, mrudishe nyumbani. Watu wetu wanatoka pale wamenuna kana kwamba wametapeliwa. Kule kwetu unamwambia msichana wa duka la dawa kwamba kifua kinakubana, anachukua mkasi, anakukatia vidonge kadhaa, unaondoka. Kwa hiyo vidonge vinapanda ndege ndani ya soksi.

Vya Mama Kulwa vilikaa kwenye kopo la bluu la biskuti, juu ya friji. Nililiona kopo lile kila asubuhi. Nikadhani ni la nyuzi na sindano, kwa sababu katika maisha yangu sijawahi kufungua kopo la namna ile nikakuta biskuti.

Halafu kuna sheria ya homa. Mtoto akipata homa, mlezi anatakiwa ampigie mzazi amchukue, na asirudi mpaka homa iwe imeondoka. Sheria nzuri. Lakini sisi tunaobeba boksi, tunaoogesha wazee na kugeuza wagonjwa, tukipigiwa simu katikati ya zamu tuna mawili: kumwacha bibi wa watu kitandani, au kumwacha mtoto. Mwajiri anavumilia mara moja. Mara ya pili anavumilia kwa midomo. Mama Kulwa alilijua hilo kuliko sisi, kwa sababu kazi hiyo aliifanya mpaka mgongo ukakataa. Ndiyo maana akapata sifa kuanzia Gaithersburg mpaka miji ya jirani yote: watoto wa Mama Kulwa hawaugui. Mimi nilidhani ni usafi. Nilidhani ni ule ulezi.

Ngoja nikwambie juu ya babu yako, kwa sababu bila yeye utaona nimemwonea mama wa watu.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Siku moja spoki ilimchoma chini ya goti. Kidonda kidogo, hata hakukifunga. Kilipoanza kuvimba akaenda dukani, akakatiwa vidonge vya rangi mbili, vilevile, nyekundu na njano. Akameza mpaka maumivu yakapungua, akaacha, vilivyobaki akaviweka kwenye mfuko wa shati. Jirani akija na jipu anagawiwa viwili. Mjomba akija na jino anagawiwa. Kidonda kikirudi, anafungua kidonge na kumwaga unga juu yake, kama mtu anayetia chumvi kwenye muhogo, na sisi watoto tukiangalia tunaona hayo ndiyo matibabu. Kikapoa, kikarudi. Kikapoa, kikarudi. Kila mtu aliyempenda alimletea vidonge.

Alipopelekwa hospitali ya mkoa nilikuwa kidato cha tatu, nami ndiye niliyekuwa nambebea chupa ya chai. Daktari alijaribu dawa zake zote. Kisha akatuita koridoni, mama na mimi. Akasema mdudu aliyemo mguuni hasikii dawa. Dawa moja ambayo huenda angeisikia haikuwapo pale, na ilikokuwapo ni mbali, na hata kule haikuwa ya kuikuta kila siku. Wakakata mguu. Haikusaidia, kwa sababu sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Watu wote waliowahi kumpa vidonge walikuja kumzika. Walilia sana, na kilio chao kilikuwa cha kweli.

Kwa hiyo nilikuja Amerika nikijua kitu kimoja kwa hakika. Mengine yote nimejifunzia huku.

Ulipoanza kuumwa ulikuwa na miaka minne. Ulikuwa unalia ukienda kukojoa, halafu ikaja homa, halafu ukawa unatapika hata maji. Tulipewa dawa ya maji, ya pinki, tukakunywesha kama tulivyoelekezwa. Homa haikutikisika. Tukaingia hospitali. Baba yako alikuwa barabarani na lori, yuko huko Tenesii, ananipigia simu kila akisimama kujaza mafuta. Wakapima mkojo, wakaotesha maabara wadudu waliomo, na daktari, mama mmoja mtaratibu sana, akaja kukaa kwenye kiti badala ya kusimama. Mwanangu, daktari akikaa ujue kuna neno.

Aliniuliza kama katika miezi ya karibuni ulikunywa antibayotiki yoyote kabla ya ile ya pinki. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyemzika baba yake kwa ajili hiyo. Akaniuliza mara ya pili, polepole. Nikasema hapana, hapana kabisa, mimi mtoto wangu simpi ovyo.

Wewe ukiwa kitandani, mkono umefungwa kwenye kibao usivute dripu, ukamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba anti anaweka dawa kwenye uji. Ile nyekundu na njano. Ukasema ikifunguliwa inalia "pop". Ukadhani hatujaelewa, ukatufanyia tena kwa mdomo: pop.

Daktari hakunilaumu. Alinieleza kama anavyoeleza kila siku. Alisema hawezi kuapa kwamba ni uji ule. Lakini mtoto akipewa dawa kidogo leo, akaachwa, akapewa kidogo tena wiki nyingine, wale wadudu dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki, wanazaana, wanakaa tumboni kimya wakisubiri siku ya kupata njia. Wako walipata njia ya mkojo, wakapanda mpaka kwenye figo. Akasema huyu tuliyempata hasikii dawa za kawaida. Zipo chache anazozisikia, zinapita kwenye mshipa tu, nazo tunazitunza kwa ajili ya siku kama hii.

Maneno yaleyale ya Tabora, mwanangu, hospitali nyingine. Tofauti ilikuwa moja tu: dawa ya mwisho ilikuwa kwenye kabati, ghorofa hiyohiyo, na muuguzi alikwenda akarudi nayo kabla sijamaliza kulia. Babu yako alikufa kwa kukosa kabati lile. Wewe ulikaa pale mpaka homa ikashuka, ukaomba chipsi, ukarudi nyumbani. Hukupona kwa ujanja wangu. Ulipona kwa anuani yako.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kwa Mama Kulwa kwa adabu. Nataka ulijue hilo. Nilikaa kwenye kochi, nikapewa chai, nikaeleza yote, habari ya daktari na habari ya babu yako. Alilia. Alikushika kichwa akaomba. Akasema, "Naapa, Mama Sifa, hata panadoli hatameza bila wewe kujua." Nikamwamini. Nikakurudisha pale kwa sababu sikuwa na pengine. Vituo vyote vilikuwa na foleni ya majina, baba yako yuko barabarani, na mimi ruhusa zangu zote zilikwisha pale hospitali.

Kisha ndiyo ikaja siku ya ndimu.

Jumapili iliyofuata nikaitwa Oxon Hill kwa Mzee Barnaba. Huyu alikuwa mwenyekiti wetu Watanzania wa huku, na ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege wa Dulles nilipofika, akanivua kile kisweta changu cha Tabora akanivalisha koti la mkewe. Sina baba huku, na kama ningechagua mmoja ningemchagua yeye. Sebule ilikuwa imejaa. Mama Kulwa alikuwa mlangoni mwa jikoni, anapakua pilau bila kuinua macho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nasikia unataka kumwandika mwenzako kwa serikali, kwa wale wanaotoa leseni za walezi."

"Ndiyo."

Kabla hajaongeza neno, Njoki alidakia. Njoki ni jirani yangu, Mkenya wa Nyeri, tunafanya kazi nyumba moja ya wazee, na mwanawe Brayo alikuwa anacheza nawe pale kwa Mama Kulwa. "Ai, Mama Sifa! Wakifunga pale, Brayo nimpeleke wapi? Nimbebe mgongoni nikisukuma wilchea ya mzungu?"

Watu wakacheka. Hata mimi kidogo.

"Afadhali umbebe," nikamwambia, "mgongoni utajua anakula nini."

"Kwani nilikuwa sijui? Wacha nikwambie ukweli, wewe peke yako ndio hukuwa unajua. Mimi mwenyewe nilikuwa namwambia, Mama Kulwa, niko na zamu mbili leo, ukiona mtoto anachemka mpe ile kitu."

Nikatazama sebule nzima. Hakuna aliyepinga. Wengine walikuwa wanaangalia sahani zao.

Mama Kulwa akaweka upawa chini. Alizungumza taratibu, akiniangalia mimi peke yangu. "Kabla ya Kulwa na Doto nilikuwa na mtoto mwingine, wa kwanza. Alishikwa na homa. Niliambiwa nisimpe kitu mpaka daktari aje. Nikasubiri. Daktari alipofika, alinikuta nimemfunika. Toka siku hiyo mimi sisubiri, Mama Sifa. Mtoto akipata joto mkononi mwangu, mkono unakwenda wenyewe."

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Na hapohapo, nikiwa namwonea huruma, nikajua kwamba nitaandika. Mwizi unaweza kumwonya akaacha. Mtu ambaye mkono unakwenda wenyewe hataacha kwa kuombwa, maana mimi nilishamwomba, akalia, akaapa, mkono ukaenda.

Mzee Barnaba akakohoa. "Umesikia. Sasa mwanangu, mimi nikwambie kama baba. Huku ugenini hatuna ndugu, ndugu ni sisi. Ukimpeleka mmoja wetu kwa hao watu, umetupeleka wote. Wakianza kuuliza dawa imetoka wapi, wataishia wapi? Na zile si sumu. Zile nilizileta mimi! Krismasi iliyopita nguo zangu niliziacha nyumbani, sanduku nikajaza dawa za watoto wetu. Kwa upendo. Haya, na mimi utaniandika?"

Alikuwa anatabasamu. Alidhani hapo ndipo nitakapoinamisha kichwa.

"Mzee, wakiniuliza zimetoka wapi nitawaambia."

Tabasamu likabaki usoni peke yake. "Mtoto si amepona? Unataka nini tena?"

"Nataka akiugua tena apone tena."

"Umekuwa Mmarekani sasa."

"Baba yangu aliuawa na watu waliompenda, Mzee. Wote walileta vidonge. Hakuna hata mmoja aliyekuwa Mmarekani."

Nilisimama. Sikuaga kila mtu, na hilo ndilo kosa wanalolisimulia zaidi mpaka leo, kwamba nilitoka bila kuaga. Habari ya figo zako hawaisimulii.

Njoki alinifuata mpaka kwenye gari. Alisimama akichezea funguo, lile domo lake lote limekwisha. Akasema sikio la Brayo linatoa usaha. Daktari amebadilisha dawa, akabadilisha tena, na yeye Njoki hajamwambia kitu juu ya uji, kwa sababu ataanzia wapi? "Andika," akasema. "Lakini wewe, usiseme ni mimi nimekwambia."

"Sitasema. Lakini kesho mpeleke, umwambie daktari kila kitu. Rangi, mara ngapi, lini. Aibu itakupita njiani ukirudi."

"Na akiniuliza kwa nini nilikubali?"

"Mwambie zamu mbili."

Akacheka, halafu akawa hacheki. Alimpeleka. Sikio lilichukua muda, lakini leo Brayo anasikia hata asichoitiwa.

Mimi simu yangu imetulia. Nilitolewa kwenye kundi la Watanzania wa huku, nikarudishwa, nikatolewa tena. Ulezi siletewi. Baba yako aliacha safari za mbali ili tupokezane wewe, na nyumba ikabana. Mama Kulwa tukikutana dukani ananisalimia, nami namsalimia, tunaulizana watoto. Kulwa hajambo. Doto hajambo. Mzee Barnaba hanisalimii, na koti la mkewe bado ninalo, sijui nimrudishie au nibaki nalo kama deni.

Basi mwanangu, na wewe mwingine wa umri wake unayesoma haya, nasaha yangu ni hii. Antibayotiki usimeze kwa sababu ipo, wala kwa sababu imebaki, wala kwa sababu mwenzako alipona nayo. Kikohozi na mafua vingi havina habari nayo. Ukivipa unapoteza dawa na kuwafundisha wadudu kazi. Ukipewa na daktari, meza kama alivyosema, na ukiona nafuu usijigawie likizo. Usimtunzie mtu iliyobaki. Usimbebee mtu sandukuni hata akikulilia, na usimwage unga wake kwenye kidonda. Daktari akikuuliza umekunywa nini, sema, hata kama kusema kunamvua nguo mtu unayempenda. Na mtu akikupa kitu kwa upendo, mshukuru, halafu uliza kina nini ndani. Anayekupenda kweli atajibu. Mwingine atanuna, na hapo utakuwa umepata jibu vilevile.

Usiogope kuitwa msaliti na watu ambao hawakukaa na wewe hospitali. Mimi wameniita. Jina hilo haliumi kama dripu.

Tena usisahau waliobaki kule. Kila kidonge tunachokipoteza huku na kule, kuna mtu kwenye hospitali ya mkoa ambaye kesho ataambiwa mdudu wake hasikii dawa, naye hana lile kabati. Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Mungu akukuze, Sifa. Akupe mwili mwepesi kupona na mdomo mwepesi kuuliza. Dawa utakayoihitaji ikukute ingali na nguvu, wewe na watoto wako na watoto wa watu. Na uji ukupende.

Malalamiko yenyewe haya hapa. Niliyaandika kwanza kwa Kiswahili ili nisipoteze neno, kisha tukayatia kwenye Kiingereza, mimi na baba yako, mezani.

Kwa ofisi inayotoa leseni za walezi wa watoto.

Mimi ni mzazi wa mtoto wa miaka minne aliyekuwa akilelewa katika nyumba niliyoitaja juu ya fomu hii. Nalalamika kwamba mlezi amewapa watoto antibayotiki bila daktari kuandika na bila mzazi kutia sahihi. Nimeona kwa macho yangu akifungua kidonge na kukoroga unga wake kwenye uji wa mwanangu, baada ya kuahidi kwamba hatafanya hivyo tena, na baada ya mwanangu kulazwa kwa ugonjwa ambao haukusikia dawa za kawaida. Maganda ya kidonge ninayo. Dawa hukaa kwenye kopo la biskuti juu ya friji. Hazina jina la mtoto wala la daktari. Zililetwa kutoka nje ya nchi, ndani ya mizigo ya wasafiri. Baadhi ya wazazi walijua. Naamini hawakujua madhara yake.

Sina lawama nyingine juu ya mlezi huyu. Kwake watoto wanashiba, wanalala pasafi na wanapendwa. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli.

Naomba kopo hilo litoke jikoni. Naomba kila mzazi aambiwe, kwa lugha anayoielewa, mtoto wake alipewa nini, ili naye amwambie daktari. Naomba mlezi afundishwe kabla ya kufungiwa, na afundishwe na mtu mwenye subira, kwa maana aliwahi kufiwa na mtoto kwa homa. Akifundishwa na akaendelea, fungeni.

Fomu yenu inauliza kama nataka jina langu lifichwe. Sitaki. Mkifika kwake, mwambieni ni Mama Sifa.